Nilimpa Shangazi Kalenda Yangu, Akausoma Uongo Wangu Kabla Sijausema

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili msihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Si la mtandao, si la simu, wala si la kijana wa steshenari. Ni langu mimi, kwa mikono hii hii inayoshika mkasi.

Mwenzenu ni fundi cherehani. Nina miaka ishirini na tatu, nimezaliwa Magomeni pale Kilosa, shule niliishia kidato cha pili, na sasa nashonea Mikumi kwenye kibaraza cha duka moja kando ya barabara kuu. Majina yote humu nimeyabadilisha. La kwangu silitaji kabisa, maana wateja waliobaki ni wachache na bado nawahitaji.

Nina ndoto mimi, jamani! Ndoto ya duka la vioo, na sanamu mbili dirishani, moja nene na moja nyembamba, ili kila mteja ajione. Jina la duka ninalo. Rangi ya mapazia ninayo. Kilichobaki ni duka.

Sasa niwaambie siri ya kazi yetu, na mafundi wenzangu mnisamehe. Fundi cherehani hamwambii mteja tarehe ya kweli.

Mama aliyenifundisha kazi alinipa mkasi na somo hilo siku moja. Alisema mteja ukimwambia ukweli, kwamba gauni lake litakuwa tayari baada ya wiki tatu, anakunja kitambaa chake anakipeleka kwa fundi wa jirani, ambaye atamdanganya vizuri zaidi. Kwa hiyo unamwambia Ijumaa hii. Halafu kuanzia Ijumaa hii mpaka siku ya kweli, unajaza sababu.

Sababu zipo nyingi. Umeme umekatika. Sindano imevunjika. Uzi wa rangi hiyo umekwisha mji mzima. Bibi amefariki. Na sisi wa Mikumi tunayo moja ambayo mafundi wa kwingine wanaitamani tu: tembo. Bitana yako, ile ya ndani ya gauni, inatoka Morogoro, basi limepita mbugani, tembo wamesimama katikati ya lami. Nani atabishana na tembo?

Shida ni kwamba uongo unataka kumbukumbu, na mimi kichwa changu kimejaa mapazia.

Nilimuua bibi yangu mara mbili kwa mteja mmoja wa Kilangali. Mara ya pili yule mama akanitazama sana, akauliza kama ni bibi yule yule. Nikasema hapana, huyu ni wa upande wa baba. Akasema hata yule wa kwanza nilimwambia ni wa upande wa baba. Nikabaki napiga pasi mahali palipokwisha kunyooka.

Ndipo mteja wangu mmoja, dada anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii, akanionyesha kalenda ya kwenye simu. Unaandika jambo lako, unalipangia siku na saa, unaliwekea na rangi, na likikaribia simu inalia kukukumbusha. Nyie! Nilihisi kama nimekabidhiwa ofisi.

Kijani nikaweka tarehe ya kweli ya kumaliza nguo. Nyekundu, tarehe niliyomwambia mteja. Njano, sababu nitakayotoa na nani nitampa, isije ikajirudia. Mfano: "Tembo. Imetumika kwa Mama Sele. Asipewe tena mpaka baada ya masika." Kila kitu nikawa naandika humo. Vipimo, madeni ya vifungo, nani anapenda mkono mrefu kwa sababu ya kovu. Nilikuwa naongea na ile kalenda kuliko ninavyoongea na watu.

Sasa aingie Tatu.

Tatu nimesoma naye Kilosa, dawati moja. Baadaye wazazi wake walihamia Ruhembe wakalima miwa, lakini urafiki haukuhama. Alipochumbiwa na kijana wa Magomeni, hakuwa na fundi mwingine. Gauni la bi harusi nikapewa mimi. Na si hilo tu: mimi ndiye ningekuwa mpambe wake, nikae pembeni yake siku nzima, nimfute jasho, nimshikie maua. Gauni langu la upambe nililishona kabla ya lake. Ndiyo, nakiri na hilo.

Upande wa bwana harusi nao wakanipa kazi: sare kumi na sita za mashangazi, mama wadogo na mabinamu. Kumi na sita! Mimi ambaye sare nyingi nilizowahi kushona ni nne, za kwaya.

Msimamizi wa sare alikuwa shangazi wa bwana harusi. Nitamwita Shangazi tu, ndivyo alivyotaka nimwite. Alikuwa karani wa ofisi miaka mingi, amestaafu, miwani kwenye kamba, simu kubwa kama sahani. Ukimsalimia shikamoo huku unatafuna kitu haitiki mpaka umeze.

Shangazi alikuwa ananipigia asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Imefikia wapi, mwanangu. Umekata ngapi. Ya kwangu umeacha nafasi ya kukaa chini. Nikawa naiogopa simu yangu mwenyewe.

Nikapata wazo. Ole wangu na mawazo yangu! Nikasema, kwa nini nisimpe Shangazi nakala ya kalenda yangu? Aione mwenyewe, atulie, na ajue kwamba huyu si fundi wa kibarazani, huyu ni fundi wa kisasa. Niliona kabisa akiwaambia wenzake kikaoni, nikaona na zile sanamu mbili zikinitabasamia dirishani.

Msinione mjinga lakini. Kabla ya kumpa, nilikaa Jumapili nzima kuisafisha. Njano zote nikafuta. Nyekundu nikafuta. Nikaacha kijani peke yake, tarehe za kweli tupu, kalenda inang'aa kama ya mtume.

Jumatatu nikaenda steshenari na namba na anwani ya barua pepe ya Shangazi. Yule kijana akafungua kompyuta, akaniuliza: aone kila kitu, au aone tu siku ulizo na kazi? Nyuma yangu kulikuwa na watu wamepanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa vya kutolea fotokopi. Nikapaza sauti kidogo, nikasema aone kila kitu, mimi sina siri.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, wapendwa. Mimi nilijua nimempa kitu kama fotokopi. Cheti chako hata ukikichora sharubu leo, ile fotokopi uliyopeleka ofisini jana haioti sharubu. Nilimpa kalenda ya Jumatatu ile, safi. Nitakayoandika Jumanne yangekuwa yangu.

Kumbe sivyo! Kumbe ninachoandika kwangu kinatokea na kwake, palepale, na simu yake inalia kama yangu inavyolia.

Mimi nikarudi kibarazani nikiimba. Shangazi kweli akaacha kupiga simu. Kimya kitamu. Na mimi, taratibu, nikarudia rangi zangu.

Kazi ilipozidi nikaandika kwa njano: "Shangazi, Jumatano, umeme." Yaani nitamwambia umeme ulikatika. Jumatano asubuhi, kabla sijampigia, ukaingia ujumbe wake. Umeandikwa kwa nukta na mkato kama barua ya ofisi: "Habari za kazi, mwanangu. Natumaini umeme wa leo utakatika salama."

Niliusoma mara tatu. Nikasema wazee na simu, labda alitaka kuandika "utapatikana".

Wiki iliyofuata nikapanga tembo. Bitana, Morogoro, mbugani, kama kawaida. Akanipigia mwenyewe, tukasalimiana vizuri, hakuniuliza habari za sare hata moja. Mwishoni akasema, "Haya mwanangu, wasalimie tembo." Akakata.

Jamani, nilipata baridi! Nikaamini kwamba huyu mama ana mganga. Mtu anajua uongo wako ukiwa bado tumboni! Nikaanza kuokota vipande vya uzi wangu sakafuni, nisimwachie mtu cha kunifanyia kitu. Hata muuza maji anayekaa karibu yangu nikamshuku kwamba anapeleka maneno, nikamnunia siku tatu bila yeye kujua kwa nini. Naye namwomba radhi hapa.

Katika siku hizo hizo Tatu akaja kujaribu gauni, Jumamosi, siku ya gulio, watu wengi barabarani.

Mara ya kwanza kiuno chake kilikuwa ishirini na nane. Jumamosi hiyo tepu ikasoma thelathini na moja. Nikapima tena. Nikamwambia kwa utani, bibi wewe, miwa ya Ruhembe unaila au unaimeza. Hakucheka. Akavuta pazia la pale ninapopimia, akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanatetemeka.

Alikuwa na mimba. Miezi mitatu inaingia. Ya mchumba wake huyo huyo, na mchumba anajua, na anafurahi kwa siri. Tatizo lilikuwa baba mkwe. Yule mzee alishasema kwenye kikao cha familia, mbele ya watu, kwamba yeye hapokei mkwe aliyetangulia na mzigo. Likijulikana kabla ya ndoa, yeye na ndugu zake hawatasimama harusini. Na mzee akisema, hageuki.

"Wewe tu ndiye unajua, ukimtoa mchumba wangu," Tatu akaniambia. "Mama yangu hajui."

Nikamwapia. Niliapa kwa Mungu na kwa cherehani.

Halafu, alipoondoka, nikachukua simu nikaandika, ili nisije nikasahau kuachia nafasi kwenye mshono: "Bi harusi, kiuno 31, mimba miezi mitatu. Kuachia inchi mbili kila upande, mkato uanzie chini ya kifua. SIRI." Nikaipa rangi ya pinki, maana hakukuwa na rangi yake.

Jumanne iliyofuata, siku kumi na moja kabla ya harusi, nimeinama kwenye cherehani, nikaona viatu vya Shangazi mbele ya kibaraza. Amekuja na gari la asubuhi kutoka Kilosa. Amejitanda kanga, uso wa msibani, mkononi kapu la mchele.

Nikasimama. Shikamoo, Shangazi. Akachelewa kuitikia mpaka nikadhani nina kitu mdomoni. Halafu akasema marahaba, akashika mikono yangu miwili.

"Pole na msiba, mwanangu."

"Msiba gani, Shangazi?"

"Wa bibi yako. Si atafariki Alhamisi? Nimeona niwahi. Alhamisi nina kikao cha harusi, sitaweza kuja kukuhani."

Muuza maji akatema maji.

Mimi sikuelewa, halafu nikaelewa, vyote kwa pamoja. Jumatatu usiku kweli nilikuwa nimeandika kwa njano: "Alhamisi, bibi anafariki, sare zisogee Jumanne." Shangazi akatoa ile simu yake kubwa, akaniwekea mbele ya macho, na humo nikaiona kalenda yangu yote. Kijani, nyekundu, njano. Tembo wangu wote wamepanga mstari.

Akasema umeme umenikatikia mara tano mwezi ule, na shirika halina habari. Akasema mwanzoni alikasirika, halafu akawa anasubiri kwa hamu kila asubuhi aone leo nitamletea nini. Akasema kazi ya ukarani miaka yote hajawahi kuona mtu anayehifadhi uongo wake kwa mpangilio mzuri namna ile.

Nilitaka kucheka. Nusu ya mdomo ilishaanza. Ndipo nikakumbuka ile ya pinki.

Nikakaa juu ya kitambaa cha mtu.

Shangazi akaona. Akavuta stuli, akaisogeza karibu, akashusha sauti. "Ndiyo. Na hiyo nimeisoma."

Akanieleza ilivyokuwa. Jumamosi hiyo jioni kamati ilikuwa kwake, wanawake sita, chai mezani, simu yake katikati ya vikombe. Ikalia. Maneno yangu yakawaka kwenye kioo. Mwanamke wa pembeni yake, ambaye mdomo wake unajulikana mpaka stesheni, akanyoosha shingo asome. Shangazi akaifunika simu kwa sahani ya maandazi, akamwambia chukua dada, bado ya moto.

Sahani ya maandazi! Heshima ya rafiki yangu ilikuwa imefunikwa kwa sahani ya maandazi.

"Umewaambia?" nikamuuliza.

"Ningewaambia, ungenikuta hapa na mchele?"

Nikalia. Nililia vibaya, na makamasi. Shangazi aliniacha nilie, hata hakunipa leso. Nilipomaliza akasema kaka yake, yaani baba mkwe, anamjua tangu wanachunga mbuzi. Ana roho nzuri ila ana maneno magumu, na akishayasema mbele za watu anakuwa mtumwa wa maneno hayo. Kwa hiyo asiijue mimba hii mpaka mjukuu awe mkononi. Mjukuu akiwa mkononi, hakuna mzee anayehesabu miezi.

Halafu akanihukumu. Hukumu tatu, kama ofisini.

Ya kwanza: sare zote kumi na sita nizifumue. Nilikuwa nimeshazikata za kubana kiuno, ndivyo walivyotaka wenyewe. Zote ziwe mkato wa chini ya kifua, huko chini zimwagike. Bi harusi akivaa hivyo peke yake, wanawake watamtazama tumbo. Wakivaa hivyo wote, watatazamana wenyewe. Wanakamati atawaambia yeye mwenyewe.

Ya pili: "Leo hii uende Ruhembe, ukamwambie mwenzio ulichofanya. Si kesho. Na usiiandike kwenye kalenda."

Ya tatu nitaisema baadaye.

Nikapanda bodaboda mpaka Ruhembe. Njia nzima natunga namna ya kusema. Nilikuwa na sababu nne, zote nzuri, moja ilikuwa na tembo. Nilipofika Tatu alikuwa uani anachambua mchele, akatabasamu akidhani nimeleta gauni. Nilipoona lile tabasamu sababu zote zikaniishia. Nikamwambia kama ilivyokuwa, kuanzia steshenari mpaka maandazi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliendelea kuchambua mchele, anatoa punje mbaya anaziweka pembeni, moja, moja.

"Nilikuchagua wewe," akasema, "kwa sababu najua huna wa kumwambia."

Nikasema sikumwambia mtu, niliandika tu, nisisahau mshono.

Akanitazama. Akasema gauni nimalizie, atatuma mtu kulichukua. Na mpambe atakuwa binamu yake. Akanyanyua ungo akaingia ndani, na mlango ukafungwa polepole, kama wa nyumba yenye mgonjwa.

Basi, nilifumua. Jamani, nyie hamjui kufumua! Kushona kuna raha yake, nguo inakuja. Kufumua nguo inaondoka. Siku kumi nilifumua na kushona, vidole vikatoboka, na hakuna mteja niliyemwambia umeme wala sindano. Nilisema ukweli tu: siwezi wiki hii. Wateja watatu wakakunja vitambaa vyao wakaenda kwa jirani. Yule wa Kilangali alikuwa wa kwanza.

Harusi ikafika, Magomeni, nyumba imejaa mpaka barabarani. Mimi niliyekuwa nikae pembeni ya bi harusi, nilikaa upande wa jikoni na sindano na uzi mweupe, endapo mshono wa mtu utaachia. Gauni langu la upambe nililiacha Mikumi kwenye msumari.

Nilimwona Tatu akipita katikati ya wale wanawake kumi na sita. Wote wamemwagika chini kama mapazia ya duka langu. Huwezi kujua nani ana nini. Wanawake walioalikwa wakawa wanaulizana huu mtindo umetoka wapi, na mmoja akasema ni wa Mikumi, wa kisasa. Baba mkwe alisimama na ndugu zake wote. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema angalau mabinti wa siku hizi wameanza kuvaa nguo za heshima.

Shangazi alipita jikoni kuchukua maji. Hakunitazama, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Tatu naye alipita. Alinitazama. Halafu akaangalia mbele. Hiyo ndiyo bei, wasomaji. Wateja watatu si kitu, watarudi. Lakini nilikosa siku moja ya kukaa pembeni ya rafiki yangu, na hiyo hairudiwi, hata ukiiwekea rangi gani.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Watu wa kuhesabu walianza kuhesabu, na Shangazi akawa wa kwanza kutangaza kwamba katika ukoo wao watoto huwahi. Mzee, naambiwa, hamweki yule mtoto chini hata wakati wa kula.

Tatu alikaa miezi bila kunipigia. Wiki iliyopita, mchana, nikainua kichwa nikamwona amesimama mbele ya kibaraza na mtoto mgongoni. Anataka kigauni cha Idi.

Hatukukumbatiana, msije mkadhani. Aliangalia juu ya meza, chini ya meza, akauliza simu iko wapi. Nikaitoa mfukoni. Akasema iweke kwenye droo ya cherehani, ufunge. Nikafunga. Akamshusha mtoto, akamweka mezani juu ya mabaki ya vitambaa.

"Pima," akasema. "Shika kichwani."

Nikapima kifua, urefu, mkono, mtoto anaing'ata tepu. Nikamtajia Tatu namba zote kwa mpangilio, akanifanya nirudie. Nikarudia. Akafunga mtoto mgongoni, na akiwa ameshageuka akasema Ijumaa anakuja. Nikamwambia Ijumaa haitakuwa tayari, aje Jumatatu ya wiki nyingine. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesikia lugha mpya. Halafu akaenda.

Ile hukumu ya tatu ya Shangazi ni hii: alinikataza kumtoa kwenye kalenda. Alisema ameshaizoea. Mpaka leo yumo. Ndiyo maana sasa mimi ni fundi anayesema tarehe za kweli, pengine peke yangu kando ya barabara hii yote. Si kwa wema. Nikiandika njano tu, dakika haziishi simu inalia: "Imeonekana."

Hata ungamo hili niliandika kwanza humo: "Jumanne, kutuma barua gazetini." Akajibu palepale: "Vizuri. Na umesema ukweli wote?"

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika. Nikakaa. Nikafumua.

Basi huu hapa uliobaki. Nimewaambia kwamba niliandika siri ya Tatu ili nisisahau kuachia mshono. Nilimwambia na Tatu hivyo hivyo. Si kweli. Fundi gani anasahau inchi tatu za kiuno cha bi harusi wake? Niliandika kwa sababu ilikuwa inaniwasha. Ilikuwa siri kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, nilijiona mtu muhimu, na nilitaka kumwambia mtu. Sikuwa na mtu. Nikaiambia simu.

Kwa hiyo, nyie wenzangu wenye kalenda na makaratasi na daftari za chini ya godoro, sikilizeni. Ukitaka kumpa mtu kalenda yako, uliza kwanza ataona nini leo na ataona nini kesho, na ukiulizwa mbele ya foleni usijibu kwa ajili ya foleni. Uongo wako ukivuja utachekwa tu, utapona. Siri ya mwenzio si ya kuandika popote, hata kwa rangi nzuri. Ikikuwasha, jikune.

Kigauni cha mtoto wa Tatu kiko tayari, kimening'inia hapa mbele yangu. Vipimo vyake sivisemi.